Mstari Mwekundu wa Vindege

Jumatatu, tarehe 1

Shule zimefungwa, na kila mwenye mtoto ameamua kuniletea mimi. Huu ni mwaka wa kumi na moja niko hapa kwenye bustani ya michezo, na kila mwaka naapa kuwa ni wa mwisho. Mashine yangu inaitwa Vindege. Viko vinane, vimefungwa kwenye mikono ya chuma, vinazunguka huku vikipanda hadi usawa wa paa la nyumba, kisha vinashuka. Mimi nina wenzo mmoja, kitufe chekundu kimoja, na nguzo moja yenye mstari mwekundu. Mtoto ambaye kichwa chake hakijafika kwenye mstari hapandi. Ni mita moja kamili kutoka chini. Hakuna "kakaribia", hakuna "anatimiza miaka minne keshokutwa". Viatu vinavuliwa kwanza, maana wazazi nawajua.

Leo nimerudisha ishirini na wawili. Idadi naiandika kila siku, mtu asije akasema nalala kazini. Baba mmoja alijaza karatasi kwenye soksi za mwanawe. Mama mwingine alimchana binti yake nywele zikasimama wima. Nilizibonyeza kwa kiganja na mtoto akapungua hapo hapo. Akaniuliza kama mimi nina watoto. Nikamwambia sina, ndiyo maana akili zangu bado ziko timamu.

Wa ishirini na mbili alikuwa wa nyumbani. Wifi yangu alitokea saa nane na watoto wake watatu: binti wa miaka saba, Kifungo wa miaka minne, na Bonge wa miaka miwili. Kitambulisho changu cha kazi kinaingiza watu wanne wa familia bila kulipa, na huo ndio undugu wote alionao mke wa kaka yangu na mimi. Kifungo alivua viatu mwenyewe, akasimama kwenye nguzo kavuta pumzi. Vidole viwili chini ya mstari.

"Rudi ukishakua," nilimwambia.

"Lini?"

"Utajijua mwenyewe."

Alilia kimya kimya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Wifi akamshika mkono. "Hesabu ni hesabu, baba. Twende." Hata kunibishia hakunibishia. Anavyojua kuniudhi.

Jumanne, tarehe 2

Kumi na tisa. Jua kali. Mtoto kanitapikia kiatu.

Alhamisi, tarehe 4

Sakafu ya saruji pale kwenye nguzo imekuwa kikaango. Watoto wakivua viatu wanarukaruka, na mtoto anayerukaruka hapimiki. Leo kasichana kamoja kalipiga yowe nyayo zikiungua, na mama yake akanitukana tusi ambalo sijalisikia tangu ujana wangu.

Meneja wetu ni kijana, ana filimbi shingoni na tunamwita Filimbi, ingawa yeye hajui. Alikuja, akapuliza, akaondoka. Nikamwomba fundi wa mitambo anikatie kipande cha mpira mnene kutoka kwenye sakafu ya lile jumba la watoto kurukia lililochanika. Nilikitandika mwenyewe chini ya nguzo. Watoto walikipenda, wengine hawakutaka kushuka. Fundi akasema, "Kumbe una huruma, dada. Nilidhani umezaliwa na huo mstari." Nikamwambia aende akapake mafuta magurudumu yake.

Wanane tu leo.

Ijumaa, tarehe 5

Watano. Foleni inakwenda.

Jumapili, tarehe 7

Leo zamu yangu ya kupumzika, kama kupumzika kunawezekana katika nyumba hii. Nyumba ni ya marehemu mama. Mimi nina chumba cha nyuma. Kaka, mkewe na watoto wanakaa mbele. Sebule imekaliwa na cherehani. Wifi ni fundi wa nguo, msimu huu anashona sare za shule, na futikamba haimtoki shingoni hata akila. Hupima kila kitu. Nilimkuta siku moja anapima kabati langu. Nikamuuliza analitafutia gauni?

Kila tarehe mosi huwasimamisha watoto kwenye fremu ya mlango wa jikoni na kuchora mstari kwa chaki ya nguo. Fremu ya mama yangu, ambayo mama alikuwa akiisugua kwa mikono yake, imejaa michoro kama ukuta wa choo cha sokoni. Asubuhi hii nilichukua kitambaa na maji ya sabuni nikafuta yote. Miaka minne ya chaki ilitoka kwa dakika tatu.

Wifi alirudi kutoka dukani akasimama pale akiitazama fremu.

"Nani kafuta?"

"Mlango wa mama yangu haukuwa ubao wa shule."

Aligusa mbao mahali palipokuwa na mstari wa Kifungo. Jioni kaninyima mchuzi, akasema umekwisha. Niliuona kwenye sufuria.

Jumatano, tarehe 10

Wanne. Sungura, yaani yule jamaa anayevaa nguo za sungura, kawaliza watoto sita kabla ya saa nne. Wazazi bado wanasukuma watoto wakapige naye picha. Mtoto anatetemeka, mama anasema tabasamu.

Jumamosi, tarehe 13

Filimbi kanisifu mbele ya watu. Anasema Vindege sasa inapakia watoto wengi kuliko mashine yoyote ya wadogo, na malalamiko yamekwisha. "Mama, umejifunza kuongea na wateja," aliniambia. Sijajifunza lolote. Watoto wa mwaka huu wamekua tu, inaonekana wanakula vizuri. Sikumwambia hivyo. Nilipokea sifa zangu.

Wifi alikuja tena na kitambulisho changu. Bonge alipanda kitreni cha watoto wadogo mara tano, kila kinaposimama analia kama anapelekwa jela, kila kinapoondoka anasahau. Mara ya sita alilala akiwa ameshika kengele. Binti mkubwa alikuwa akipanda Vindege na kunipungia mkono kila akipita, hata nami nikampungia, watu waliniona. Kifungo alikaa kwenye benchi mkabala na nguzo, kakumbatia magoti, hakuthubutu kuja kupimwa. Nilimwambia asije mpaka mwezi uishe, naye anatii. Alikuwa akinitazama mimi, si Vindege.

Jumatatu, tarehe 15

Watatu.

Alhamisi, tarehe 18

Kifungo nimemfumania ananing'inia kwenye komeo la mlango wa jikoni. Anasema anajivuta. Dada yake kamwambia mtu akining'inia asubuhi na jioni anarefuka. Tena sasa anakula maharage mpaka sahani ya Bonge. Nilicheka peke yangu chumbani. Huyu mtoto ananipenda na sijui kwa nini, maana sijawahi kumpa hata peremende.

Jumamosi, tarehe 20

Naandika kwa hasira, mwandiko huu usinishangaze kesho.

Leo Kifungo alishindwa kuvumilia. Alikuja foleni peke yake, viatu mkononi. Akapanda kwenye mpira, akaegemea nguzo, akafumba macho. Kichwa kilipita mstari. Si kwa kuonewa huruma, kilipita kweli. Nikamwambia, "Haya, rubani," na roho yangu ikafurahi, nakiri. Nilimbeba mwenyewe nikamweka kwenye ndege ya njano.

Wifi alikuja mbio, Bonge kiunoni, futikamba ikipepea.

"Mtoe."

"Amefika mstari."

"Hawezi kufika. Tarehe mosi alikuwa tisini na saba. Mtoto hakui sentimita tatu kwa wiki tatu."

"Anakula maharage."

"Wifi, suruali yake ni ile ile. Nimeishona mimi. Pindo halijapanda hata uzi."

"Na hiyo tisini na saba umeiandika wapi?"

Alinitazama. Sote wawili tulijua ilikuwa imeandikwa wapi na nani aliifuta. Foleni nzima ilikuwa inakula uhondo. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi napima watoto miaka kumi na moja. Hajaumia hata mmoja. Wewe pima vitambaa."

Alimtoa Kifungo kwenye ndege akipiga mateke, akaondoka naye hivyo hivyo mpaka getini. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, "Wengine hawapendi watoto wao wafurahi." Nilimpa kiti kizuri mwanawe.

Jumapili, tarehe 21

Kaka kaamua kuwa hakimu. Alimwambia mkewe mbele yangu, akiwa anakata kucha, "Shangazi yake ndiye mwenye ujuzi. Acha mtoto apande." Wifi aliendelea kushona, mguu haukupunguza mwendo. "Nyie ndugu mmeelewana," alisema. "Mimi sina usemi."

Nilishinda. Chai ilikuwa tamu.

Jumatano, tarehe 24

Wawili. Mawingu, lakini mvua haijanyesha. Kifungo ananiuliza kila asubuhi kama leo ni Jumamosi.

Jumamosi, tarehe 27

Nitaandika kwa mpangilio, kama ilivyokuwa.

Niliondoka nyumbani na Kifungo asubuhi, sisi wawili tu. Kaka alikuwa ameruhusu. Wifi alikuwa anafunga sare za mteja kwenye gazeti na hakuinua kichwa. Njiani Kifungo alinishika kidole kimoja, akanieleza kwamba akifika juu ataona nyumba yetu, na kwamba atamwonyesha mama yake iko wapi, kwa sababu mama anadhani haionekani.

Nilimpima mbele ya watu wote. Alipita. Nilimweka kwenye ndege ya njano, nikashusha chuma cha mapajani, nikakitikisa mara mbili kama tunavyofanya. Kilikuwa kimefunga. Miguu yake ilikuwa imenyooka mbele, soli zinanitazama. Niliiona hiyo miguu. Mwaka wa kwanza kazini fundi alinieleza maana ya ule mstari: si umri wala ujasiri, ni magoti. Mtoto wa mita moja magoti yake yanakunjika ukingoni mwa kiti na kumzuia. Mfupi zaidi ya hapo miguu inanyooka, na ndege ikiinama anateleza chini ya chuma kama barua chini ya mlango. Nililijua hilo. Niliona soli za viatu vyake nikafikiria, mstari amepita.

Nikavuta wenzo.

Mzunguko wa kwanza alicheka. Wa pili vindege vilikuwa juu kabisa, na hapo ndipo huwa vinainama. Sikusikia yowe la mtoto. Nilisikia sauti ya wifi, nyuma yangu, akiliita jina lake kamili. Kumbe alikuwa ametufuata, na Bonge mgongoni. Nilipoinua macho niliona miguu miwili inaning'inia chini ya ndege ya njano na kiatu kimoja kinaanguka. Chuma kilikuwa kimemshika kwapani na kidevuni. Kilichomzuia ni mikono yake tu.

Nilipiga kitufe chekundu. Vindege havianguki, vinashuka taratibu ili watoto wasishtuke. Ni sekunde nane. Nimewahi kujisifu kwa wazazi kuhusu hizo sekunde nane. Wifi aliruka uzio, akakimbia chini ya ile ndege inavyozunguka, mikono juu, Bonge anaruka mgongoni, na ndege ikawa bado inazunguka naye akawa bado anazunguka nayo. Nilitaka kwenda lakini mkono haukutoka kwenye kitufe. Ilipofika usawa wa kichwa chake Kifungo aliachia, na mama yake akamdaka.

Kidevu kimechanika, kwapa limechubuka. Ni hayo tu. Alikuwa hajui kulia aanzie wapi, akawa anasema, "Nimejishika, mama. Nimejishika."

Fundi alikuja akatikisa chuma. Kizima. Filimbi alikuja akapuliza filimbi, Mungu amsamehe. Watu wakaanza kupiga picha.

Wifi hakunitukana. Niliusubiri mdomo wake na haukuja. Alimweka Kifungo kiunoni, akaenda hadi kwenye nguzo, akavua futikamba shingoni. Alishikilia ncha moja kwenye mstari mwekundu, akaishusha mpaka kwenye mpira. Akasoma. Kisha akauinua ule mpira kwa mguu, akausogeza pembeni, akashusha futikamba hadi kwenye saruji.

"Tisini na sita," alisema. "Na hapa, mia."

Alitazama unene wa mpira. Fundi alitazama viatu vyake. Filimbi akauliza, "Hii kitu nani kaiweka hapa?"

Fundi hakujibu. Na mimi sikujibu.

Jumapili, tarehe 28

Nimekaa na hili daftari tangu asubuhi nikisoma namba zangu. Ishirini na wawili. Kumi na tisa. Kisha mpira, kisha wanane, watano, wanne, watatu, wawili. Nilidhani watoto wamekua. Nilikuwa nawavua viatu ili wasinidanganye kwa kidole kimoja, kisha nawasimamisha juu ya vidole viwili vyangu mwenyewe.

Wafupi waliopanda kwa mkono wangu mwezi huu hawapungui mia tatu. Wote walishuka wakicheka. Sijui waliponaje.

Wifi hajamwambia kaka kuhusu mpira. Kaka anadhani chuma kililegea, anatukana mafundi. Mchana nilimkuta wifi jikoni, nikaanza, "Wifi, mimi..."

"Usiniite." Alikuwa anakwaruza sufuria. "Mimi si mjinga. Yule mpira uliuweka wewe, uso wako ulisema jana. Sitakusemea. Nataka kuona wewe utasema nini."

Afadhali angenipiga.

Jumatatu, tarehe 29

Vindege imefungwa. Filimbi aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa fomu ya ajali na kalamu yake nzuri. Mpira haupo tena, amekwisha kuutupa. Akaniambia kwa upole, mama huku mama kule, kwamba mambo ni rahisi. Niandike kwamba mtoto alisimama safarini. Niandike kwamba mzazi alikuwa mbali, anashughulika na mtoto mwingine. "Si uongo," alisema, "alikuwa na mtoto mgongoni, kila mtu kaona. Na ni wifi yako, hawezi kukushtaki. Likizo ijayo uko hapa hapa."

Nakiri nilishika kalamu. Nakiri kwamba sentensi ilikuja yenyewe, na ilikuwa nzuri: mama mzembe, watoto watatu, kitambulisho cha bure. Mwezi mzima nimekuwa nikiiandika humu ndani. Ilikuwa tayari, imebaki kunakili tu.

Halafu nikamkumbuka anazunguka chini ya ile ndege mikono juu. Sijui mtu mzembe anakimbia hivyo.

Niliandika: Mpira ulio chini ya nguzo niliuweka mimi tarehe nne. Ulikuwa na unene wa sentimita nne. Sikuupima. Mama wa mtoto alinikataza, mbele ya watu, wiki moja kabla. Nikatia sahihi, nikamrudishia kalamu yake.

Filimbi alisoma mara mbili. "Umejichimbia kaburi," alisema. Nikamwambia aache kuniita mama, sikumzaa.

Jumatano, tarehe 31

Barua imekuja. Mistari minne, kwa miaka kumi na moja. Nirudishe sare, funguo na kitambulisho. Fundi alinisindikiza hadi getini, akasema angepaswa kusema kuwa ni yeye aliyekata ule mpira. Nikamwambia alikata alichoombwa.

Nyumbani nilimwekea wifi barua mezani pamoja na nakala ya fomu. Alisoma fomu kwanza, polepole, midomo ikichezacheza. Akaikunja, akaiweka ndani ya droo ya cherehani, kwenye vipimo vya wateja. Kisha akanirushia sketi za shule, kumi au zaidi.

"Kama kazi yako sasa ni kukaa, zikunje pindo. Sentimita tano. Na upime, usikadirie."

Nilipima. Alikagua kila moja. Mbili kanirudishia.

Alhamisi, tarehe 1

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mvua imenyesha hatimaye, tangu alfajiri, na bustani nzima lazima ina matope. Mwingine yuko kwenye nguzo, au hayuko. Si kazi yangu tena, na hadi saa nne asubuhi nilikuwa bado nasikia foleni masikioni.

Kifungo ana plasta kidevuni na anaionyesha kwa kila mteja. Nilimwomba msamaha jana. Aliniuliza kama nilipokuwa chini niliona nyumba yetu. Nikasema hapana. Akasema yeye aliiona.

Saa kumi wifi aliacha cherehani, akachukua chaki, akawaita watoto mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa kwenye kigoda na sketi yangu, nikainamisha kichwa nisionekane. Alimpima mkubwa, akampima Bonge aliyekuwa anataka kula chaki. Ilipofika zamu ya Kifungo, mtoto alivua viatu bila kuambiwa, akasimama, akafumba macho.

"Njoo umshikilie daftari kichwani," wifi alisema. "Mimi mikono miwili hainitoshi."

Nilikwenda. Nililishika hili daftari hapa, ndilo lililokuwa karibu, nikalilaza juu ya kichwa chake. Wifi aliinama na chaki, akasita. Akatazama chini. Palikuwa na kile kizulia cha kufutia miguu, chembamba kama kitambaa, na Kifungo alikuwa amekikanyaga. Wifi alikivuta kwa kidole cha mguu hadi kikatoka chote, akakipiga teke nje kwenye mvua. Hakunitazama.

Akachora mstari kwenye fremu ya mama yangu. Tisini na saba na nusu.

"Huu usiufute, wifi," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.